Uhamisho Mkuu wa Bibi Pindo

Kitendawili! Itikieni "tega", tena kwa sauti ya watu walioshiba. Nina kitu: sikibebi, lakini kila niendako kipo, wewe ukikigusa kwa mdomo, shingo yangu ndiyo inayogeuka. Haya, mwenye jibu alifungie mdomoni, maana swali hili lina mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amenyamaza miaka na miaka.

Sogeeni basi, enyi mlioketi vitini na mlioegemea milango. Zimeni redio, teremsheni sufuria motoni, msikie habari za Bibi Pindo, jemedari wa sindano, mshona sare za shule na mapazia ya watu wasiopenda kuchunguliwa, siku aliyouhama mji wake kwa kidole kimoja, asivunje hata kikombe.

Mji wenyewe ulikuwa ndani ya simu. Msicheke. Ulikuwa mtandao wa mazungumzo usio na mfalme: nyumba nyingi, kila nyumba na mwenyewe, na wa nyumba hii akisema, wa nyumba ile anamsikia. Nyumba ya Bibi Pindo ilikaa ndani ya kompyuta moja kuukuu yenye kukoroma, chini ya meza ya Fundi Redio, ng'ambo ya ushoroba. Humo, kila asubuhi kabla ya kukanyaga cherehani, Bibi Pindo alitega kitendawili, na wafuasi wake wakajibu ovyo. Kile cha kwanza kabisa, hicho mlichokisikia, hakuna aliyekipata. Mwenye duka alisema ni kivuli. Fundi Redio alisema ni simu. Mume wake mwenyewe, fundi bomba mstaafu, alisema ni mke, akalala na njaa.

Lakini katika jeshi hilo la wafuasi alikuwamo mmoja wa nyumba ya mbali, asiyesema neno. Picha yake ilikuwa gurudumu la cherehani, limechubuka rangi upande mmoja. Kila kitendawili alikiwekea nyota, akaenda zake. Bibi Pindo alilijua gurudumu lile kama alijuavyo goti lake. Lilikuwa la cherehani ya marehemu mama yao, ile aliyoigombania na mdogo wake hadi wakatupiana maneno yasiyookoteka. Mdogo akaibeba, akahama, akabadili namba ya simu. Tangu hapo, kilichobaki kati ya ndugu wawili waliolala utotoni chini ya blanketi moja, wakitungiana vitendawili, ni nyota ile ya asubuhi.

Ndipo Fundi Redio alipotangaza, kwa sauti nzito ya mtu aliyechoka kusuluhisha ugomvi wa watu, kwamba feni ya kompyuta imekufa, na jua likizama naye anazima. Kila mtu ahamie nyumba nyingine; Mfamasia naye ana kompyuta yake, anapokea.

Bibi Pindo akajifunga kibwebwe. Naye, kwa kuwa mama yake aliwahamisha vyumba vingi vya kupanga, aliijua sheria ya kuhama: unafagia, unarudisha ufunguo, kisha ndipo unabeba godoro. Akaitafuta simuni sehemu ya kufagia. Akaiona kwa mbali, kwa ukungu, kwa maana miwani ilikuwa moja kwa watu wawili, na wakati huo ilikuwa puani pa mumewe, juu ya gazeti. Akabonyeza palipoandikwa "Endelea". Simu ikadai neno la siri.

"Baba Mkubwa wa Mabomba," akanena, "niletee miwani, nina vita."

"We Mama," akajibu mzee, bila kuinua uso, "miwani hii nayo imo vitani. Timu yetu imefungwa, na mimi bado sijajua ni nani wa kulaumiwa."

"Mlaumu kipa."

"Kipa ni mtoto wa shangazi yangu!"

"Basi umeshamjua. Lete."

Bibi akaivaa, akaanza kuandika neno la siri. Mara Fundi Redio akapitisha kichwa mlangoni. "Bibi, umeshahama?"

"Nahama, mwanangu. Nafagia kwanza."

"Unafagia nini?" Rangi ikamtoka Fundi, akaruka kiti, akaruka kikapu cha vitambaa. "Bibi, usiguse! Hebu soma hapo juu!"

Akasoma. *Kufuta akaunti. Wafuasi wako wote watapotea.* Kidole cha jemedari, kilichokwisha kuandika nusu ya neno la siri, kikaganda hewani. Gurudumu lingepotea, na lisingejua pa kumtafutia.

"Kuhama huku ni kinyume," Fundi akamwambia, akifuta jasho. "Kwanza nyumba mpya uiambie ulikotoka. Kisha ya zamani uiamuru itangaze unakokwenda. Watu wanakufuata wenyewe, huko huko waliko. Ila vitendawili vyako vya nyuma vinabaki, Bibi. Vinazimika na kompyuta."

"Vyote?"

"Vyote."

"Basi nitatega upya."

Akaingia kwa Mfamasia, akaiambia nyumba mpya alikotoka. Akarudi nyumba ya zamani, akaamuru, akabonyeza, na tarumbeta zisizosikika zikalia. Katika makao mapya, matupu kama chumba kisicho na pazia, akatega kitu kimoja tu: kitendawili cha kwanza.

Wakaanza kuvuka. Mwenye duka akavuka. Mkunga akavuka. Mzee naye akavuka, bado amekaa kiti kile kile. Gurudumu, kimya.

"Bibi, jua limezama," Fundi akaita toka mezani kwake, kidole kwenye swichi. "Kompyuta inaungua."

"Nyumba yake ni ya mbali, mwanangu. Labda habari haijafika."

Hapo, enyi wasikilizaji, ndipo fundi bomba mstaafu alipotenda tendo lake kuu. Alilikunja gazeti lile, pamoja na aibu yote ya timu yake, akavuka ushoroba, akapiga magoti mbele ya meza, akaanza kuipepea kompyuta kama mgonjwa wa homa.

"Nyie watu!" akalalamika Fundi, lakini kidole akakiondoa kwenye swichi.

Bibi Pindo akaishikilia simu. Mtaa ulimwita Bibi Pindo, wajukuu Bibi, mume We Mama. Mwito mwingine, ule wa utotoni, uliotokana na nywele zilizokataa kulala utosini, alikuwa amebaki mtu mmoja tu duniani wa kuukumbuka.

Simu ikatikisika. Gurudumu limevuka.

Akangoja nyota, kama siku zote. Nyota haikuja. Yalikuja maneno, na jemedari wa sindano akaifuta miwani kwa pindo la gauni ili ayasome:

"Ni jina. Haya geuka, Kishungi."