Kiti Changu Katika Kamati ya Kanuni

Jumatatu, 3 Novemba
Mkataba wangu wa uzamivu unakwisha Machi. Tasnifu ina sura mbili. Zinatakiwa tano. Ingemar, msimamizi wangu, ameuliza ya tatu imefika wapi. Nimemwambia inaiva.

Leo nimegundua njia. Mwanafunzi wa uzamivu anayekaa kwenye kamati za chuo huongezewa muda wa mkataba, na mshahara wake. Ylva, ninayetazamana naye ofisini, yumo katika baraza la kitivo na kaongezewa mwezi mzima. Tasnifu yake imekwisha! Mwezi wa nini? Nitagombea.

Jumatano, 5 Novemba
Uchaguzi wa chama cha wanafunzi wa uzamivu. Nilitaka kiti cha Kamati ya Kanuni. Nimehutubia juu ya sauti ya watafiti vijana mpaka kahawa ikapoa. Nimeshinda. Kura zote.

"Hampus, hotuba yote ile ya nini?" Ylva kaniuliza, anatafuna mkate wa mdalasini. "Kiti hicho kimekosa mtu tangu mwaka juzi."

Wivu.

Jumatatu, 10 Novemba
Mpango wa pili. Gunnel, profesa anayeongoza kamati yetu, ndiye hupendekeza watu kwa kamati nyingine. Nikimfurahisha nitapata viti vitatu, vinne. Mkataba utafika Krismasi ya mwakani. Nitaunga mkono kila kitu.

Makabrasha ya kikao yamekuja. Ylva kanisihi nisome kipengele cha mwisho. Anataka kunipotezea muda. Sijasoma.

Alhamisi, 13 Novemba
Kikao. Nimeafiki kila kitu, hata tarehe. Kipengele cha mwisho kiliitwa "Kurahisisha Taratibu". Wajumbe wakagawanyika nusu kwa nusu, wakanigeukia. Nikasema tusiogope mabadiliko, nikanyoosha mkono. Kikapita kwa kura yangu.

Gunnel kanipa mkono. Kasema ni nadra mwanafunzi kutanguliza chuo mbele ya tumbo lake. Nimerudi nyumbani kwenye theluji, kofia mkononi, sisikii baridi.

Ijumaa, 14 Novemba
Nimejua nilichopitisha. Kuanzia Januari, mwanafunzi aliye kwenye kamati haongezewi hata siku moja. Atapewa cheti na chakula cha mchana.

Ylva hakupandisha sauti. Bora angepandisha.

"Maj ana mtoto mchanga," alisema. "Kavumilia vikao vya kamati ya maabara muda wote huu, anategemea wiki zile za nyongeza amalize tasnifu. Ulimfikiria?"

Maj, mwanafunzi mwenzetu, yuko chumba cha pili. Nilikuwa namsikia akichapa. Sikwenda kula.

Jumanne, 18 Novemba
Jana nilimwomba Gunnel anirudishie kura yangu. Kacheka kwa upole. Kasema baraza la kitivo peke yake ndilo linaloweza kutengua.

Leo Ylva kasimama mbele ya baraza. Kashinda: waliokuwa na viti kabla ya muhula huu watapata siku zao zote. Maj kamkumbatia huku analia.

Mimi nilichaguliwa muhula huu. Nitapewa chakula cha mchana.

Jumatatu, 24 Novemba
Gunnel hajanisahau. Inaundwa kamati ya kuchunguza kwa nini wanafunzi wa uzamivu hawamalizi kwa wakati. Itakutana kila wiki mpaka kiangazi. Malipo hakuna. Nimekubali papo hapo. Anayechunguza ucheleweshaji ndiye atakayependekeza dawa, na dawa ni kuongezewa muda!

Ylva kaniuliza tasnifu nitaiandika lini. Nimemhurumia. Siasa za chuo hazijui kabisa.