Leseni ya Setilaiti ya Mzee Bujiku

Akida aliisikia habari hiyo redioni, akiwa kwa kinyozi pale Katoro: siku hizi hata mtu binafsi anaweza kumiliki setilaiti, mradi apewe leseni, na ikianguka ikaharibu mali, aliyetoa leseni hakwepi kulipa. Wenzake walisikia taarifa ya habari. Akida alisikia dhahabu, akaondoka kanyolewa upande mmoja.

Siku ya tatu, Noah yake, tunda la miaka kumi ya jasho la ulimi, iliegeshwa uani kwa Mzee Bujiku, mwenye ng'ombe mia na maduara mawili, mashimo ya uchimbaji yaliyogoma kutoa hata punje ya dhahabu.

"Shikamoo, mzee. Natoka Ofisi ya Leseni za Anga."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Kaa."

Akida alieleza kwamba setilaiti ilikwisha kurushwa, iko juu pale, inaiona dhahabu ndani ya mwamba, inasubiri mwenye leseni tu. Gramu thelathini za dhahabu, iwe ya Bujiku.

Mzee aliwaza kwa utulivu wa mtu anayenunua dume. "Ng'ombe wangu akiingia shamba la mtu, nalipa mimi. Hiyo ikiingia shamba la mtu?"

"Inalipa ofisi, mzee! Ndiyo sheria."

"Ofisi ni nani?"

"Mimi hapa!"

"Andika."

Akaandika, akasaini, akagonga muhuri mara mbili. Ahadi haina uzito kwa mtu asiyetarajia kuonekana tena.

Dhahabu, akiba ya mzee kutokana na ng'ombe aliowauza, ilipoingia mfukoni, miguu ilimwasha Akida. Lakini mgeni haondoki kwa Msukuma bila kula, na kukataa kungezua maswali. Bujiku mwenyewe akatoka kumtafuta jogoo, akakawia sana kwa jirani yake, Martina.

Akida alikuwa ameshika paja la jogoo filimbi za sungusungu, walinzi wa kijiji, zilipolia. Wanaume arobaini waliingia uani na marungu, wamebeba bati lililoungua na kukunjamana. Martina aliwatangulia, akilia bila chozi.

"Imeangukia mihogo yangu! Imetoka juu!"

Bati lilinuka dizeli. "Hilo ni pipa," Akida akasema.

"Kumbe?" Bujiku akauliza kwa upole. "Ya kwetu iko wapi?"

Akida akatazama juu. Sungusungu nao wakatazama juu, kwa adabu, wakangoja. Kisha kamanda wao, Makoye, akamfafanulia: kama setilaiti ipo, ndiyo hii imeanguka, na mwenye sahihi atalipa. Kama haipo, hapa kuna tapeli, na rungu halina rufaa.

Akida akayatazama marungu. Akainama juu ya pipa, akalipapasa.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Hata namba yake naiona."

Uwanja mzima ulilipuka kwa vigelegele. Dhahabu ikarudi kufidia mihogo. Noah ikabaki kufidia mshtuko wa Martina, ambao, kwa maelezo yake, ulikuwa mkubwa.

Bujiku alimsindikiza kwa miguu hadi barabarani, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Ofisi yenu ina waungwana, ng'wanawane. Mwezi ujao Martina anapanda mahindi. Mletee na yeye setilaiti yake."