Kipanga Mwenye Mimba

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimeanza shajara. Mtu mwenye cheo lazima aweke kumbukumbu. Cheo sijakipata bado, nakitegemea Jumamosi.

Habari yenyewe ni hii. Dokta Judith, mtaalamu wa ndege kutoka Musoma mjini, amekuja hapa Kiriba kutafuta mtu wa kuhesabu ndege. Anasema msimu huu vipanga wanatoka nchi za baridi, wanapita juu ya ziwa letu kwenda kusini. Mtu mmoja atakaa kwenye mwamba ulio juu ya mwalo, pale wavuvi wanaposhushia samaki, awahesabu. Ataachiwa darubini. Atakachosema kitaandikwa kitabuni Musoma bila kubishiwa.

Bila kubishiwa! Tangu nilipotangaza kiboko yumo kwenye mihogo, kumbe ng'ombe wa Wanzagi, hapa kijijini nikisema mvua inanyesha watu wanatoka nje kuhakikisha. Hata Penina, mke wangu wa miaka ishirini na sita. Inauma, sifichi.

Tumejitokeza wawili, na Jumamosi Dokta atarudi kuchagua mmoja. Wa pili ni Wanzagi huyohuyo. Ana kiti cha kukunja.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimepanda mwamba saa moja asubuhi. Kufika adhuhuri, vipanga 212. Wanzagi, watatu. Nikampa pole kwa sauti kubwa ili mwalo mzima usikie.

Jioni nikamsomea hesabu Penina, ambaye kila siku anaanika dagaa pale chini ya mwamba. Akauliza kama ndege hao walikuwa wanazungukazunguka. Nikasema ndiyo, tena kwa mbwembwe. Akasema hao siyo wageni, ni mwewe wa hapahapa wanaovizia dagaa wake, na wako kumi na mmoja. Amewapa majina. Mwenye mkia ulionyofoka anaitwa Mhazini, kwa sababu kikimfikia hakirudi. Wageni, anasema, huwa wanapitaga juu sana, na dagaa hawana habari nao.

Mhazini peke yake nimemhesabu labda mara arobaini.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimepata akili mpya. Wageni hawashuki kwa sababu hakuna aliyewakaribisha, na mgeni hukaribishwa kwa chakula. Nimeomba ndoo ya matumbo ya sangara mwaloni, nikayamwaga juu ya mwamba, nikajibanza.

Wamekuja. Mhazini na wenzake kumi, pamoja na jamaa zao ambao hata Penina hajawahi kuwaona. Matumbo yakaisha mara moja. Halafu wakatazama chini, wakaona dagaa.

Penina alipambana nao kwa kanga na ufagio. Nusu ya dagaa wa leo wamekwenda. Hakunifokea. Alisema tu, Baba Prosper, kesho kaa mbali na dagaa wangu. Angefoka ningelala vizuri.

Alhamisi, 24 Oktoba

Leo nimefanya kazi kitaalamu. Nimechungulia daftari la Wanzagi. Alikwenda kujisaidia, akaliacha kwenye kiti cha kukunja. Ukurasa wa leo ulisema: 17, wanne bado wadogo, mmoja ana mimba.

Nikanakili vilevile, ila nikaandika 18 ili nimshinde kwa staha. Nikamtumia Dokta Judith kwa simu. Jibu likaja saa kumi. Anashukuru sana. Anaomba nimweleze nilitambuaje, nikiwa chini, kwamba kipanga aliye angani ana mimba.

Ikabidi nimuulize Wanzagi mwenyewe. Walikuwa mbuzi. Mtu mzima anaandika mbuzi wake kwenye daftari la ndege! Wanzagi hana nidhamu kabisa.

Ijumaa, 25 Oktoba

Sikupanda. Kila ninayekutana naye anauliza kipanga anajifungua lini.

Jumamosi, 26 Oktoba

Dokta Judith amekuja. Mimi nilivaa koti la kanisani. Wanzagi naye alivaa la kwake. Tukasubiri juu ya mwamba. Dokta akapita kwanza kwenye dagaa kusalimia, akakawia. Nilimwona Penina akimwonyesha Mhazini na wenzake, mmojammoja, kwa kidole. Walipopanda pamoja kutufikia, darubini ilikuwa tayari shingoni mwa Penina.

Wanzagi akakunja kiti.

Baada ya Dokta kuondoka, Penina akashuka kugeuza dagaa, akaniachia darubini nimshikie. Nishike tu, alisema. Nikaangalia kidogo.

Juu sana, mahali ambapo kwa macho matupu hakuna kitu, walikuwa wanapita. Hawapigi mabawa. Wanatoka upande wa ziwa, wanakuja, wanazidi kuja, na hakuna anayegeuka kutazama nyuma. Machozi yakanitoka, hata sijui kwa nini. Walipokwisha ndipo nikakumbuka kwamba nina kalamu.

Nikashuka mbio. Wanzagi akauliza leo wenye mimba ni wangapi. Penina akauliza tu, wangapi. Nikasema sijui. Nilisahau kuhesabu.

Penina akafuta mikono, akafungua daftari aliloachiwa na Dokta, akaandika: saa nane mchana, wengi sana, aliyewaona ni mume wangu. Nikamuuliza kwa nini leo ameniamini. Akasema, wewe ukidanganya huwaga unakuja na namba.

Sijawahi kula ugali mtamu kama wa leo.

Jumapili, 27 Oktoba

Kanisani nilikaa kifua mbele. Neno langu limo kitabuni. Mahubiri sikuyasikia, nilikuwa natafakari maneno ya Penina, maana yana hekima kubwa. Miaka yote hii kosa langu lilikuwa namba, basi!

Mchana nikapanda mwamba. Wanzagi alikuwa amekwisha kufika, eti kupunga upepo, kajinyoosha kwenye kiti chake. Nikamwambia viboko wameingia kwenye mihogo yake. Akacheka, akauliza wangapi.

Nikainamisha kichwa. Nikasema sijui, nilisahau kuhesabu.

Ameondoka mbio. Haya nayaandika nikiwa nimekaa kwenye kiti cha kukunja. Ni kiti kizuri kwa kweli.