Kuku wa Mapaja Manane

Bulletin alifika base, kijiweni kwao, akiwa ameinua simu juu kama mtu anayetafuta netiweki, na kabla matako hayajagusa benchi alikuwa ameshaanza kusoma habari.

"Wazee, wekeni vikombe chini. Wamaitha anapika kuku wa Meksiko."

Ndegwa alikuwa ameshapuliza chai yake, amebaki kuinywa tu. Akaipuliza tena. Wamaitha ni binti yake, kitinda mimba, na hiyo habari alikuwa anaomba isifike hapa mpaka sahani zioshwe. Lakini ni nani wa kumzuia Odero? Jina la Bulletin hakupewa na mamake. Alipewa na hii benchi, kwa kazi nzuri.

Benchi yenyewe iko mtaa wa Free Area, mbele ya kibanda cha chai cha Truphosa, mgongo kwa mgongo na beikari ya Maxwel. Truphosa wanamwita Serikali, kwa sababu akisema mandazi yameisha, yameisha, hata kama unayaona. Ndegwa ni Gunia. Huyo analeta waru, yaani viazi, kutoka Olenguruone na hupima kila kitu kwa magunia, hata mvua. Na yule aliyekalia mwisho wa benchi, miguu mirefu imefunga njia, ni Sitati, almaarufu Stesheni. Babu yake alipeperusha bendera ya reli enzi hizo, na Sitati hajawahi kuiteremsha.

"Ati kuku wa wapi?" Stesheni akauliza.

"Meksiko. Ameweka kwa stetasi. Ona: 'Sinia moja, oveni moja, mapenzi moja.'"

"Meksiko si ndio ile ya wanaume wa kofia kubwa?"

"Hizo kofia ndio masinia yenyewe," Bulletin akasema. "Wakimaliza kula wanavaa."

Wakacheka. Ndegwa naye akacheka, lakini kicheko chake kilikuwa cha kukopa. Leo haikuwa siku ya mchezo. Micah, kijana wa Stesheni, anamtaka Wamaitha, na Wamaitha anamtaka Micah, hiyo ilishajulikana mpaka kwa wauza makaa. Kilichobaki ni Senge Nakhumicha, yaani shangazi, dada mkubwa wa Stesheni, ambaye alikuwa njiani kutoka Bungoma. Kwa hiyo familia, msichana haingii boma kabla Senge hajaonja mkono wake. Anakula, anapangusa mdomo, anasema ndiyo ama hapana, kisha anaitisha chai. Hakuna rufaa.

"Leta hiyo simu," Truphosa akasema, akipangusa mikono kwa aproni. "Hizi nyeusi chini ya kuku ni nini?"

Bulletin akavuta picha kwa vidole viwili. "Hapa ni mchele. Hii mahindi. Hoho nyekundu, hoho kijani. Na hizi nyeusi... ni njahi."

Truphosa akamgeukia Ndegwa polepole.

"Gunia. Kwenu njahi si hupikiwa mama aliyejifungua?"

"Serikali, usianze."

"Mimi? Mimi nauliza tu kama kuna mtu tumpelekee shuka ya mtoto."

Stesheni akainuka nusu. "Micah hajaniambia kitu kama hicho!"

"Kwa sababu hakuna kitu kama hicho!" Ndegwa akapiga benchi, chai ikamwagika. "Mapishi yanataka maharagwe meusi. Maharagwe meusi huku kwetu ni gani kama si njahi? Ama mlitaka apande ndege aende kuyachuma?"

"Basi pole, usimwage chai yangu," Truphosa akasema.

Stesheni akakaa, lakini kidole kilibaki kimesimama. "Ngoja. Mahindi na maharagwe, ndani ya chombo kimoja. Gunia, sema ukweli wa Mungu. Hiyo si githeri?"

"Si githeri."

"Hiyo ni githeri imepata pasipoti."

Bulletin alicheka mpaka akashika ukuta wa beikari. Na ukuta ulikuwa na joto, kwa maana sinia yenyewe ilikuwa huko ndani. Nyumbani kwa Ndegwa hakuna oveni, kuna meko na jiko la makaa. Kwa hivyo Wamaitha alikuwa ameongea na Maxwel vizuri, mkate wa asubuhi ukitoka, kuku aingie. Harufu ilikuwa imeanza kupita chini ya mlango: kitunguu saumu, jira, paprika, mafuta ya kuku yakidondokea mchele. Watu waliokuja kununua mkate tu walikuwa wanatoka wakigeuka geuka.

"Harufu sikatai," Stesheni akasema. "Lakini ugali uko wapi?"

"Hakuna. Mchele uko hapo hapo ndani, unaiva na maji ya kuku. Hiyo ndiyo maana ya sinia moja."

"Kuku bila ugali? Gunia, hicho si chakula, hizo ni tetesi. Ni injini imekuja bila mabehewa! Na mimi nawaambia mapema, dada yangu akishakula, kabla hajatoa neno, nitasimama niseme. Msichana ambaye hajapika ugali hapiti stesheni yangu."

"Utasimama useme?" Ndegwa akauliza.

"Nitasimama. Senge ananisikiza mimi. Mimi ndio baba ya kijana."

Wamaitha amekisomea hiki chakula wiki nzima kama mtu wa mtihani. Amekijaribu kwa jiko la makaa, kikaungua, akajaribu tena, akalia kidogo, akajaribu tena. Sasa kikataliwe kwa sababu ya unga?

"Lakini hebu ngojeni," Bulletin akasema. Alikuwa bado anaitazama picha, jicho moja amefunga. "Mbona naona mapaja tu? Moja, mbili, tatu... wazee, ni mapaja manane. Na hakuna kitu kingine. Hakuna bawa, hakuna shingo. Hakuna firigisi."

"Hakuna nini?" Stesheni akaita, kwa ile sauti ya kutangaza treni imechelewa.

"Firigisi, boss. Haiko."

Stesheni akafunga macho kwanza, akayafungua. "Sikiza, Gunia, nikufundishe, kwa sababu wewe ni mtu wa waru na waru haina firigisi. Kwetu kuku akikuja mezani anakuja wote. Amekatwa, sawa, lakini ukimpanga anarudi kuku. Senge humpanga kwa macho. Kipande kikikosa anauliza, nani alikuwa mgeni kabla ya mgeni? Na firigisi ni ya mwenye boma. Ni yangu. Ikikosa, hapo nimetukanwa nikiwa nimekaa, na nimenawa mikono."

"Sasa huyu wa mapaja manane," Bulletin akauliza kwa upole, "ukimpanga anarudi nini? Buibui?"

Simu ya Stesheni ikalia. Senge alikuwa ameshuka mjini. Akavaa koti, akaondoka kumpokea, na hata akiwa mbali walimwona bado anatikisa kichwa.

Ndegwa akaruka. "Serikali, niokoe. Wewe umeolewa huko kwao Stesheni. Nifanye nini?"

"Tafuta firigisi."

"Moja?"

"Moja itakuonyesha vituko," Bulletin akaingilia. "Kuku mmoja, miguu minane, firigisi moja? Hata daktari wa mifugo atakimbia. Mapaja manane ni kuku wanne. Kuku wanne, firigisi nne. Hiyo ni hesabu ya darasa la pili."

"Halafu mabawa manane," Truphosa akasema. "Na shingo nne. Na migongo."

"Sinia haitoshi!"

"Basi chukua firigisi pekee. Mimi nimepikia wanaume wa kwetu miaka mingi. Mwanaume akishaona firigisi hahesabu shingo."

Ndegwa alivuka barabara bila kuangalia kulia wala kushoto. Kwa muuza kuku alipata nne, mbichi, zimeoshwa. Akaingia beikari kwa mlango wa nyuma, akamkuta Maxwel peke yake, Wamaitha ameenda kubadilisha nguo, akiwa ameshaondoa foili ili ngozi ya kuku ishike rangi.

"Mzee, hii karibu inatoka," Maxwel akasema.

"Najua. Fungua tu kidogo."

"Lakini hizo zinataka kuchemshwa kwan..."

"Maxwel, wewe ni mtu wa mkate."

Akazipanda kwa mchele, moja kila kona, zikiwa zimetoa vichwa nje. Akarudi kwa benchi, akaishika chai yake iliyopoa na vidole vinanuka jira.

Hakuketi sana. Stesheni huyoo, na mbele yake Senge Nakhumicha, kitambaa kimekazwa kichwani, mkoba kwapani, anatembea kama mtu ambaye barabara ni yake ila amewaazima watu. Alipofika kwa harufu, alisimama.

"Hicho ndicho chakula changu?"

"Ndio, dada. Twende nyumbani, kitaletwa."

"Niende wapi na kiko hapa? Miguu yangu imechoka. Sogeeni."

Benchi nzima ikasogea. Truphosa akatoa meza, akaitandika kitambaa cha maua. Micah, aliyewafuata nyuma, akaja na maji ya kunawa. Halafu Wamaitha akatoka beikari na sinia, taulo mkononi, uso umeng'aa kwa joto na woga.

Ndegwa alijaribu kuitazama hiyo sinia kama mgeni, akashindwa. Ilikuwa nzuri. Mapaja yamekauka ngozi, rangi ya matofali. Mchele umekuwa mwekundu kwa nyanya, mahindi yanang'aa ndani yake, njahi zimetulia, dania juu, vipande vya ovakado pembeni na ndimu iliyokatwa.

Midomo ya Senge ilikuwa inahesabu.

"Msichana. Hawa ni kuku wangapi?"

Wamaitha akafungua mdomo. Ndegwa akakohoa.

"Wanne, Senge!" Bulletin akatangaza.

Wamaitha akaitazama sinia, akaziona firigisi, ambazo huko ndani kwa haraka zilikuwa zimempita. Akamtazama babake. Babake alikuwa anasoma bei ya mikate ukutani, kwa makini sana.

"Wanne," Senge akarudia. "Siku ya harusi yangu walichinjwa wawili, na mmoja alikuwa wa jirani." Akatulia. "Na mabawa yako wapi?"

Ndegwa akarudi kwa bei ya mikate, akaanza mwanzo.

"Mabawa ni ya watu wa kawaida, mama," Truphosa akasema, akimmiminia maji. "Wewe umewekewa mapaja tu."

Senge akalipima hilo jibu. Likatosha. Akaweka firigisi zote nne kwa sahani ya Stesheni, akaombea chakula, na wakaanza.

Ndegwa hakula. Alikuwa anahesabu kutafuna kwa Senge. Senge alikata nyama kwa vidole, akaichovya kwa mchele, akakamulia ndimu, akafunga macho.

"Kuna kitu hapa kinakuchapa, halafu kinaomba msamaha."

"Ni pilipili na ndimu, Senge," Wamaitha akasema kwa sauti ndogo.

"Na huu mchele umemnywa kuku wote." Akachukua paja la pili bila kuulizwa.

Stesheni naye alikuwa amechukua firigisi ya kwanza na kuitupa mdomoni nzima, kama inavyofaa mwenye boma. Alitaka aimalize haraka apate kusimama. Akatafuna. Akatafuna tena. Masikio yakaanza kupanda na kushuka. Hiyo firigisi haikuwa imeiva, ilikuwa imeota moto tu. Mshipa ukatokea shingoni, ukakaa. Kuimeza, haimezeki. Kuitema mbele ya dada yake, nayo ndiyo heshima yake mwenyewe, na watu wanaona? Afadhali angetema meno.

Senge akapangusa mdomo.

"Haya. Mimi nimekula. Lakini kaka yangu, huko njiani umenipigia kelele ya ugali mpaka sikio limechoka. Wewe ndio baba ya kijana. Kama una neno, sema sasa."

Stesheni akasimama. Akainua kidole. Akatafuna.

"Tunasikiza," Senge akasema.

"Mmh."

"Anasema mmh," Bulletin akatangaza.

"Mmh ya ndio ama mmh ya hapana?" Truphosa akauliza.

Stesheni akapunga mikono yote miwili, lakini taya lilikuwa linafanya kazi, na kichwa kinalifuata, juu, chini, juu, chini.

"Anaitikia kwa kichwa," Bulletin akasema. "Mara nyingi sana."

Senge akamtazama ndugu yake kwa muda, na uso wake ukalainika. "Huyu nimemlea mimi. Tangu azaliwe sijawahi kumwona akisimama kuongea halafu akose maneno. Chakula kikimnyamazisha Sitati, mimi nitaongeza nini?" Akamshika Wamaitha mkono. "Mwanangu, karibu nyumbani. Mahindi yakivunwa tutakuja kwenu rasmi. Serikali, leta chai."

Truphosa alipiga vigelegele mpaka Maxwel akatoka beikari na unga usoni. Micah akaketi chini, palepale kwa vumbi. Wamaitha akapita karibu na babake, akainama kama anayeokota kijiko.

"Baba, hizo firigisi umetoa wapi?"

"Zilikuja na kuku."

"Zinatakiwa kuchemshwa kwanza hata saa nzima."

"Naona," Ndegwa akasema.

Ng'ambo ya meza, Stesheni alinyoosha shingo, akafumba macho, na kitu kikashuka kooni kwa taabu kama gunia likipita mlango mwembamba. Machozi yalikuwa yamemtoka. Akashika meza, akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Ndegwa akamsogezea sahani yenye zile tatu.

"Ongeza moja, mkwe."