Darasa Limejaa

Jumatatu, 3 Machi

Somo langu linafutwa. Kasema Mkuu wa Idara mwenyewe, asubuhi, huku akipuliza chai yake, bila hata kunikaribisha kiti. Wanafunzi wasipofika kumi na watano kufikia Ijumaa, Nadharia ya Bei inazikwa, na mimi nahamishiwa semina za Kicheko. Mimi! Msaidizi wa Kicheko, mhadhiri anayefundisha uchumi kwa katuni na kumaliza kipindi kwa kupigiwa makofi! Nilikuwa nasahihisha mitihani yeye bado anachungulia ya jirani.

Nina wanafunzi kumi na mmoja. Bado wanne. Kazi ndogo.

Jumanne, 4 Machi

Nimetumia akili, kitu adimu katika idara hii. Kinachoadimika hugombewa, ndiyo sura ya pili nzima. Nimebandika tangazo mlangoni: DARASA LIMEJAA. HAKUNA NAFASI TENA. Viti vya nyuma nimevitoa mwenyewe na kuvirundika koridoni, chumba kionekane kimebana. Kiuno kinaniuma.

Kiongozi wa darasa, binti mwenye maswali mengi kuliko adabu, akaniuliza: Mwalimu, si tunatafuta watu? Nikamwambia arudie sura ya pili. Akasema ameirudia, na inataka kwanza awepo mtu anayekihitaji kitu chenyewe. Nimempuuza. Vijana wa siku hizi husoma mpaka maandishi madogo.

Jumatano, 5 Machi

Wamekuja watatu! Wakasoma tangazo. Wakasema haya basi. Wakavuka korido hadi kwa Kicheko, na viti vyangu wakavibeba, maana kwake watu wamesimama. Kicheko akatoka kunishukuru kwa mikono miwili. Mnafiki.

Nyumbani mama watoto kacheka hadi akashika ukuta. Eti, baba we, hapa nyumbani umeadimika miaka yote na foleni sijaiona. Nimemsamehe. Yeye kasomea uuguzi.

Alhamisi, 6 Machi

Mbinu mpya. Kitu kigumu kukipata huheshimiwa. Nimetangaza mtihani wa ghafla kila wiki, na alama ya A kwa mtu mmoja tu. Nikasubiri heshima.

Kufikia mchana wamebaki wawili: kiongozi wa darasa, na kijana mmoja ambaye nadhani alikuwa amelala nilipotangaza. Nikamwuliza binti nini kimemzuia kuondoka. Akajibu, bila kupepesa macho, kwamba anaandika tasnifu kuhusu jinsi masoko yanavyokufa, na hapa anajionea mwenyewe. Nimefarijika. Mteja mwaminifu.

Ijumaa, 7 Machi

Mkuu katia saini. Nadharia ya Bei haipo tena. Kaniambia pole, ndugu yangu, kisha kaniomba ufunguo wa chumba.

Kicheko kanikumbatia mbele za watu, kaniita kaka. Kasema semina zimefurika, watu wananisubiri kwa hamu.

Wananisubiri! Hapo ndipo macho yaliponifumbuka. Nadharia haikukosea hata chembe. Niliadimisha viti, kumbe bidhaa ni mimi.

Semina ya kwanza ni Jumatatu, 10 Machi, saa mbili kamili asubuhi. Nitafika saa nne.