Maktaba Imevuja, Mimi Simo

Jumatatu, 9 Juni

Kwa hiyo si mimi! Ndicho nilichokuwa namwambia mume wangu Nathan kwenye simu jana, salio likaisha kabla hajanisifu. Programu yetu ya kupimia magunia ya alizeti inavuja, sawa. Inaazima kumbukumbu ya kompyuta na hairudishi, mpaka kompyuta inaganda. Lakini ripoti ya leo, mstari wa juu kabisa, imetaja maktaba ya mfumo, si ya vitabu, ni ile programu saidizi inayokuja na kompyuta yenyewe kwa kazi ya kufungua picha. Dunia nzima inaitumia. Na mimi, bibi harusi wa siku kumi na sita, kidato cha nne na kozi ya miezi tisa, nimeikamata!

Lazima kazi hii iishe Ijumaa. Jumamosi natakiwa Kiomboi, aliko Nathan, kwa mama mkwe, kupika mara ya kwanza mbele ya mashangazi wa Nathan. Ugali wa mtama na mlenda. Bi Anastasia, bosi wetu, amesema ruhusa ipo, ila majaribio yote mia mbili na kumi na mawili ya programu yapite kwanza, bila kuvuja hata tone.

Nathan ametuma ujumbe. Amenunua sufuria mpya. Sufuria! Nimelia kidogo.

Jumanne, 10 Juni

Mpango mzuri mno. Chombo chetu cha kukagua kina orodha ya kunyamazisha. Ukiandika humo jina la maktaba, hakilitaji tena kwenye ripoti. Nimeandika. Majaribio yote kijani, yamepita! Nikacheza pale pale kati ya meza.

Anselm hakucheza. Huyu ni mwenzangu wa meza ya pili, anakitamani kiti changu cha dirishani. Akaniuliza kama kwetu mtoto akilia tunamziba mdomo tukasema ameshiba. Kisha akayaendesha majaribio yote mara ishirini mfululizo. Kompyuta ikaganda. Bi Anastasia akaifuta orodha yangu, akasema yeye hakuolewa juzi, kwa hiyo hana haraka.

Jumatano, 11 Juni

Mpango wa pili. Kila jaribio likiisha, programu inazimwa na kuwashwa upya. Uvujaji haupati muda wa kukusanyika. Akili hiyo! Yamepita yote.

Anselm akauliza, kwa sauti ya kusikika mpaka getini, eti shemeji Nathan ataacha kufundisha hesabu aje kuzima na kuwasha mashine kila gunia likipanda mizani? Hata mlinzi alicheka.

Basi nimewaandikia wenye maktaba wenyewe. Barua kali. Nimeambatanisha majaribio yetu kama yalivyo, wasije wakakataa.

Jioni, nyumbani kwangu Mwankoko, nikampigia mama mkwe. Shikamoo mara mbili. Nikamweleza nimegundua kosa la dunia nzima. Akasema Mungu ni mwema, na je, mlenda wangu naweka karanga? Nikasema naweka. Akaniaga papo hapo. Kuaga gani huko! Sijui nimefaulu au nimeanguka.

Alhamisi, 12 Juni

Wamejibu! Kiingereza cha heshima. Wanasema hongera kwa harusi, bwana amependeza katika suti ya kijivu. Ila picha yake imefunguliwa mara mia mbili na kumi na mbili na haijafungwa hata mara moja. Maktaba yao hufungua ikiombwa. Kufunga ni kazi ya aliyeomba.

Ni kweli, mwanzo wa kila jaribio niliweka picha ya harusi ijitokeze pembeni ya kioo, nimwone Nathan wangu nikiwa kazini. Kuifunga sikuona sababu. Anatabasamu!

Anselm anasema nimeazima ungo kwa jirani, nikaulalia, kisha nikamshitaki jirani kwamba ungo wake haurudi nyumbani. Ofisi nzima sasa inaniita Mama Ungo.

Ijumaa, 13 Juni

Mstari mmoja tu wa kufunga picha. Yamepita! Mara ishirini mfululizo, kumbukumbu yote imerudi. Anselm amenipa mkono, shingo upande. Ruhusa nimepata! Mizigo tayari: kitenge kipya, lita tano za mafuta ya alizeti, na moyo wangu.

Kabla ya kutoka nimeongeza kitu kidogo sana. Kila jaribio likipita, sauti ya Nathan inasema, "Safi, mke wangu!" Sekunde tatu tu. Nataka Anselm aisikie nikiwa sipo.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeshakaa kwenye basi, kiti cha mbele, simu ikaita. Anselm. Kompyuta imeganda jaribio la themanini, Nathan anasema safi, mke wangu, safi, mke wangu, hanyamazi, na mwenye kiwanda cha kukamua alizeti anafika saa nne kuiona programu. Bi Anastasia akachukua simu. Neno moja: shuka.

Nimeshuka. Mafuta yameenda na kondakta, Nathan ameyapokea. Mashangazi wamepika wenyewe, na wanasema mwana wao ameoa simu.

Lakini nimeisoma ripoti kwa utulivu. Mstari wa juu kabisa: maktaba ya sauti. Ya mfumo! Safari hii kweli si mimi. Barua nimeshaituma, kali kuliko ile ya kwanza. Nikampigia mama mkwe, shikamoo mara tatu, nikamwahidi kwamba kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa jikoni kwake. Kosa likiwa la watu wengine, halichukui muda.