Meza Tupu za Kseropigado

Jumatatu, 17 Julai

Wateja leo: paka. Wengi, na hakuna aliyeagiza.

Bandarini, kwenye mgahawa wa Sarantis, kumejaa. Upepo ukigeuka unaniletea harufu ya samaki wake wa kuchoma na vicheko vya watalii wake, makusudi kabisa, kunikera. Na huyu ndiye mpambe wangu wa harusi! Ndiye aliyetuvika mataji mimi na Polixeni kanisani. Mtu aliyekuvika taji hapaswi kukuvua wateja. Nilimwambia Polixeni hivyo. Akaendelea kumenya vitunguu.

Alipomaliza akaniarifu kwamba shemeji Sarantis amemwomba akapike bandarini. Amemjibu asubiri mpaka mwisho wa mwezi. Meza zetu zikijaa wateja hata siku moja, anabaki. Zisipojaa, anakwenda. Hakupandisha sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. Akipiga kelele huwa najua nimepona.

Polixeni akiondoka, mgahawa wetu hapa Kseropigado utakuwa ufuko wenye viti. Mimi najua kupika yai, tena kwa bahati.

Jumanne, 18 Julai

Mpango! Watalii wanapenda kupiga picha pweza aliyeanikwa kambani. Sarantis ana kamba nzima. Mimi sina, maana pweza anataka mtu aamke alfajiri na kuzama. Ninaye wa mpira, masalio ya kanivali. Nikamwanika mbele ya mgahawa. Kwa mbali, ukifinya macho, anawashinda wa Sarantis.

Mchana wakatokea Waholanzi. Mume na mke, wastaafu, wembamba, kila mmoja na fimbo zake mbili. Wamepanga chumba kwa Padri Evmenios na kutwa wanazunguka milimani kama waliopoteza mbuzi. Wanasema wamekuja kutafuta ukimya. Nikawaambia ukimya wote uko kwangu, hata wa kufungasha upo. Wakakaa! Bibi, anaitwa Hendrika, akapiga picha, akaagiza pweza. Vizuri, nikasema. Akasema anamtaka huyo huyo wa kambani.

Nikajitia kumweleza kwamba huyu bado hajakauka. Mumewe akainuka kuhakikisha. Akavuta mkono mmoja wa pweza, mkono ukarefuka, ukarefuka, akauachia. Ukampiga puani.

Polixeni akaniokoa kwa bajia zake za dengu. Wakala wakafuta sahani kwa mkate mpaka zikang'aa. Baadaye nikamuuliza walishuku vipi hata kabla ya kumvuta. Akasema paka walikuwa wamelala chini ya pweza tangu asubuhi bila kumtupia jicho, na hilo lingemtosha hata kipofu.

Ijumaa, 21 Julai

Jana sikukuu ya Nabii Eliya, juu mlimani. Familia ya Kapsalis ndiyo iliyoandaa. Mbuzi wa kuchemsha, sahani tatu. Bure! Nazipenda sana sikukuu.

Leo mpango mkubwa. Wapanda milima wakishuka kutoka monasteri hufika njia panda: kulia bandarini, kushoto kwangu. Kulia kuna madoa mekundu kwenye mawe, kushoto hakuna kitu. Nani atafuata njia isiyo na madoa? Nikachukua rangi ya mtumbwi wangu na brashi. Nikaanzia mgahawani, nikapanda mlima, kila jiwe doa, mpaka njia panda. Mgongo umekufa. Nilipofika juu nikatazama bahari na kujipongeza kwa sauti.

Polixeni aliniona nimerudi na vidole vyekundu. Hakuuliza. Siku hizi haulizi, na jambo hilo linaninyima usingizi.

Jumamosi, 22 Julai

Nimekaa kivulini tangu asubuhi, shati safi, nikingoja umati. Hakuna mtu. Waholanzi peke yao, nao walipitia ufukoni. Wakanywa kahawa, wakaona madoa, wakafurahi kwamba kumbe kuna njia nyingine, wakaokota fimbo zao na kuyafuata. Juu, juu, hadi njia panda, kisha njia ya bandarini. Saa nane walikuwa mezani kwa Sarantis.

Nilikwenda kukagua. Nilipaka rangi nikiwa napanda. Madoa yote yametazama bahari! Anayeshuka haoni hata moja. Anayepanda anayaona vizuri mno. Kwa mikono yangu nimemjengea Sarantis barabara ya kuchukulia wateja wangu.

Sarantis amenitumia salamu za shukrani pamoja na tikiti maji. Nimekataa kulila. Nimekula nusu tu.

Jumapili, 23 Julai

Usingizi haukuja, likaja wazo. Juu ya ufuko wangu kuna kanisa dogo lililobomoka paa, na hakuna anayekumbuka ni la mtakatifu gani. Na mtu akitokewa ndotoni na mtakatifu, nani atambishia?

Baada ya misa nikamfuata Padri Evmenios. Nikamwambia nimemwota Mtakatifu Paraskevi. Amelia kwamba kanisa ni lake na hana hata mshumaa. Padri akauliza amevaa nini. Nikaeleza: gauni jeusi, kitambaa chenye maua, soksi nzito. Padri akasema mavazi hayo ni ya marehemu shangazi yangu. Nikasema labda wanaazimana. Akasema haya, Jumatano ni siku ya Mtakatifu Paraskevi, tutakuja na kijiji kizima.

Kijiji kizima! Wataimba, watawasha mishumaa, watashuka na njaa, na mgahawa ulio karibu ni wangu peke yake. Polixeni atabaki. Nimeimba nikifagia, na paka wameondoka kwa muda.

Jumatano, 26 Julai

Walikuja wote. Wazee, watoto, mpiga fidla, Waholanzi, Sarantis kwa suti. Meza zilijaa mpaka watu wakakaa ukutani. Polixeni alikuwa jikoni tangu usiku: maua ya maboga yaliyojazwa wali, dengu za tanuri, biringanya zilizolainika mpaka unazila kwa kijiko. Nilisimama mlangoni nimekunja mikono kama mwenye meli. Kwa mara ya kwanza mwaka huu nilimwona mke wangu akitabasamu.

Nikaanza kupita mezani na hesabu. Meza ya kwanza wakanipa mkono na kunitakia miaka mingi. Meza ya pili vilevile. Ya tatu wakanibusu. Nikamvuta Padri pembeni, nikamuuliza hawa watu wanalipa lini.

"Theodosi mwanangu," akasema, "mtakatifu kamtokea nani?"

"Mimi."

"Basi sikukuu ni ya nani?"

Hapo ndipo nilipokumbuka desturi. Aliyeota ndiye anayeandaa! Kila mtoto wa hapa anajua. Hata Kapsalis, alianza na ndoto. Miaka yote nimekula sikukuu za watu na sikuwahi kujiuliza nani anatoa mbuzi. Sarantis aliomba aongezwe biringanya. Akaongezwa.

Walipoondoka nikamwendea Polixeni. Nikamkumbusha ahadi: meza zimejaa. Alikuwa amekaa kwenye kreti, miguu ndani ya beseni la maji.

"Nilisema wateja," akajibu. "Lakini si hilo linaloniondoa. Leo nimeona watu sabini wanakula chakula changu na hakuna aliyeongea. Miaka mingapi napikia paka? Kesho naenda kwa shemeji."

Nikasema nitafanya mpango. Akasema anajua, ndiyo sababu anaenda.

Ijumaa, 28 Julai

Jikoni kimya. Sikujua kwamba nilikuwa nafungua mgahawa kila siku ili nisikie masufuria yake. Anarudi jioni amechoka, anacheka peke yake, ananukia limau. Ananisimulia nani kala nini. Namsikiliza, na roho inaniuma, maana amependeza.

Paka nao wamehamia bandarini.

Nimekaanga yai. Limeungua pande zote mbili.

Jumapili, 30 Julai

Mpango wa uhakika. Sarantis akimwachisha kazi, Polixeni atarudi. Ili amwachishe, chakula kiharibike. Rahisi!

Mchana nikazunguka nyuma ya mgahawa wa Sarantis. Polixeni alikuwa ametoka kuchagua samaki kwenye mashua iliyotia nanga. Sufuria kubwa ya dengu inatokota. Nikamimina chumvi, kikombe kizima, nikakoroga. Nikatoka, nikaenda mbele, nikakaa meza ya pembeni kama mteja mwenye adabu, ili nishuhudie watalii wakitema. Waholanzi wakanipungia mkono.

Sikukaa sana. Polixeni akatoka jikoni na sahani, ya kwanza kabisa kutoka sufuriani. Akasema hakuna mtu atakayekula humu kabla ya mume wake. Akaiweka mbele yangu, akavuta kiti, akakaa, akashika shavu, akaniangalia.

Nikala. Kijiko cha kwanza machozi yalinitoka. Nikasema ni ya furaha. Sarantis alisimama mlangoni na taulo begani, mdomo kaufunga kwa nguvu asicheke. Kila nilipopumzika, Polixeni aliuliza kwa upole kama kuna kitu kimepungua. Nikasema hapana, mke wangu, hakuna kilichopungua. Nikamaliza. Nikafuta sahani kwa mkate.

"Kesho uje mapema," akasema, akinipangusa kidevu kwa aproni yake. "Hiyo sufuria nitaimwaga. Nyingine nzuri iko nyuma. Lakini kesho nataka ukae hapa hapa, nikuone."

Nimekunywa maji ya kisima kizima na ulimi bado umekauka. Mkono wake ulinukia limau. Nitakwenda, tena kwa shati safi.

Kosa lilikuwa chumvi. Kesho pilipili.